Anaimba Mpaka Z, Lakini K Haijui

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu Baraka ana miaka 4 na nusu. Wimbo wa herufi anauimba kwa Kiingereza kuanzia A mpaka Z, kafundishwa na dada zake. Nikimwonyesha K peke yake ananitumbulia macho, kisha anaanza upya, ei, bii, sii, mpaka aifikie. Mara nyingine anaipita. Januari anaanza awali, na baba yake anataka awe ameshika herufi zote kwa mpangilio. Nifanyeje? Halafu penseli bado inamshinda. (Mama Baraka, Mbagala)

JIBU: Marahaba, Mama Baraka. Kilichomkaa kichwani mpaka sasa ni wimbo. Msikilize akifika katikati: "elemenopii" anaitoa kwa pumzi moja. Kwake hapo hamna L wala M wala N.

Mpangilio, kwangu mimi, hufundishwa mwisho. Baba Baraka atanisamehe. Mpangilio una kazi pale unapofungua kamusi au unapotafuta jina lako kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, na Baraka hafanyi hata kimoja. Kwa sasa aone umbo, atoe sauti yake.

Anza na jina lake. Okota visoda sita, vioshe, gonga kingo zisimkate, kisha andika kwa maka peni: b, a, r, a, k, a. Andika herufi ndogo, maana ndizo zinazojaa kwenye vitabu. B kubwa ataizoea baadaye. Mwache agundue mwenyewe kuwa a imejirudia. Kisha chagua vinne: bara. Vipange upya: raba. Akishaisoma, mtume akalete raba zake mlangoni. Ongeza kisoda kingine cha b na kingine cha k, mmepata baba na kaka. (Kama kuna mtoto mdogo ndani, visoda vikae juu. Vinamezeka.)

Usimtajie "be" wala "bii". Ukimfundisha be na a, akiunganisha atasema "bea", na huwezi kumlaumu. M inavutika: mmm, kisha a, unapata ma. S vilevile. Lakini b, d, k na t hazivutiki, kwa hiyo zitamke na irabu papo hapo: ba, be, bi, bo, bu. Hapa Kiswahili kinatubeba, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mtoto mwenye a, e, i, o, u pamoja na m, k, t, b, l tayari anasoma mama, kuku, bata, meli.

Sasa hao dada zake. Kwa Kiingereza E huitwa "ii", na I huitwa "ai". Nimesahihisha madaftari mengi ya watoto wanaoandika "kete" na walichokusudia ni kiti. Nyumbani shikeni sauti za Kiswahili mpaka aanze kusoma. Majina ya Kiingereza atayakuta shuleni, hayakimbii. Q na X ziacheni kwenye wimbo, maneno yetu hayazitumii. C nayo haitembei bila h, basi ifundishe kama ch moja kwa moja: cha, che, chi.

Akishazitambua nyingi, panga visoda kwenye mkeka, a mpaka e kwanza, halafu endelea kipande kwa kipande. Afumbe macho, ondoa kimoja, muulize nani katoroka. Siku nyingine muulize majirani wa m ni akina nani, kushoto na kulia. Mchezo huu auendeshe Baba Baraka, kwa kuwa mpangilio ndio anaoutaka.

Penseli iache kwanza. Mpe kijiti achore mchangani, au kipande cha mkaa sakafuni, herufi kubwa kubwa za kuchorwa kwa mkono mzima. Vidole vitakomaa kwa kumenya karanga, kuchambua mchele na kufunga vifungo vya shati. B yake ikigeuka d, mwonyeshe tumbo linaangalia wapi, mwendelee; wengi huzigeuza hata wakiwa darasa la kwanza, na fimbo haijawahi kuinyoosha b. Ila mkaa ukipanda ukutani, hayo utayamaliza wewe na mwenye nyumba.