Barua kwa mwanangu: alifanya nini zaidi ya kuwa wa kwanza?

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliupata Jumapili nilipotoka misa ya kwanza, nikausoma mara mbili kabla hata ya kuvua koti. Unasema mwenzako kazini alikuuliza Kardinali Rugambwa alifanya nini hasa, mbali na kuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuvaa kofia nyekundu, nawe ukakosa la kujibu, ingawa umekulia katika nyumba ambayo picha yake imetundikwa sebuleni tangu hujaanza kutambaa. Swali lake ni la haki, na kosa ni langu niliyekuonyesha picha miaka yote hii bila kukusimulia habari za mwenye picha.

Nianze kwa kukubaliana naye kidogo. Kuwa wa kwanza ni jambo alilotendewa. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimfanya kardinali tarehe 28 Machi 1960, akiwa na miaka 47, na siku hiyohiyo akawateua Peter Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, ambao nao walikuwa wa kwanza katika nchi zao; kwa hiyo yeyote angeweza kuona kwamba Roma ilikuwa imekusudia kufungua mlango, na alihitajika mtu wa kupita. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Mwenzako akiishia hapo, ataondoka na nusu ya habari, kwa sababu kazi iliyomfikisha mlangoni ilikuwa imeanza Rutabo, jimbo lake la kwanza, miaka minane kabla yake.

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika nchi yetu ya Buhaya, ambako Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walikuwa wamefungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, yaani hakuwa mtoto mchanga aliyebebwa hadi kisimani. Alikuwa kijana wa miaka minane aliyeingia katika dini kwa miguu yake, sambamba na baba na mama. Alisoma seminari ya Rubya, kisha Katigondo nchini Uganda, akapewa daraja ya upadre tarehe 12 Desemba 1943. Mwaka 1948 alipelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa, akarudi na shahada ya udaktari.

Hata vumbi la safari halijamtoka, Desemba 1951 ikamegwa vikarieti mpya ya kitume, yaani eneo la misheni ambalo bado halijawa jimbo kamili, kutoka Bukoba, ikaitwa Kagera ya Chini, naye akateuliwa kuiongoza. Aliwekwa wakfu kuwa askofu tarehe 10 Februari 1952, na mwaka uliofuata eneo hilo likawa Jimbo la Rutabo. Hapo ndipo ningependa mwenzako atulie. Eneo lile liliwekwa mikononi mwa mapadre Waafrika wakati maeneo mengine ya Tanganyika yalikuwa bado chini ya maaskofu wamisionari. Wazee waliotulea walikuwa wakisema kwamba mapadre wa Rutabo waliishi kama wanafunzi walioketi dawati la mbele: hesabu za parokia zikipotea, au paroko akigombana na makatekista wake, lisingesemwa kosa la fulani, lingesemwa kosa la Waafrika. Kuendesha parokia, vigango, shule na seminari kwa miaka minane chini ya macho ya namna hiyo, bila kutoa nafasi kwa mtu kusema “tuliwaambia,” ni kazi isiyopigwa picha, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Mimi nilimwona kwa karibu mara moja tu, siku ya kipaimara changu, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Wakati huo askofu, akishampaka mtoto krisma kwenye paji la uso, alikuwa akimpiga kofi dogo shavuni, ishara kwamba sasa ni askari wa Kristo na ajiandae kuvumilia. Kaka zetu wakubwa walitutisha kwamba kofi la askofu lina uzito wake, lakini la kardinali linaangusha. Mwenzangu aliyenitangulia kwenye mstari alikuwa amefumba macho na kukaza meno. Zamu yangu ilipofika nilihisi ncha za vidole viwili tu, vyenye harufu ya mafuta, na mtu mrefu aliyeinama sana ili anifikie. Nilirudi kwenye benchi nikiwa karibu nimehuzunika.

Baadaye ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kuanzia mwaka 1962 hadi 1965. Walikutana maaskofu zaidi ya 2,000, na wale wa Afrika wangeweza kumezwa kirahisi, maana walikuwa wametawanyika, wengine wakizungumza Kifaransa na wengine Kiingereza, na wengi wao walikuwa bado wamisionari wa Kizungu. Waliamua kuwa na sekretarieti moja ya bara zima ili wapatane kabla ya kusimama kuzungumza, na mwenyekiti wake alikuwa Rugambwa. Waraka juu ya liturujia ulipopitishwa Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4, lugha za watu zikapata nafasi altareni. Wewe huwezi kujua maana yake, kwa sababu hujawahi kuitikia misa nzima ya Kilatini usichokielewa. Mimi nilikuwa mtumishi wa altare, na siku padre alipotugeukia akasema “Bwana awe nanyi” badala ya “Dominus vobiscum,” bibi mmoja nyuma yangu alijibu kwa sauti kana kwamba ameamkiwa njiani.

Dar es Salaam, alikohamishiwa Desemba 1968 akawa Askofu Mkuu, nitapita haraka kidogo, na sitakuficha kwamba nina manung'uniko yangu. Shule nyingi za Kanisa zilitaifishwa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, ikiwamo ile ya Pugu ambako Mwalimu Nyerere aliwahi kufundisha, na mimi, kijana wa damu moto, nilitamani kardinali wetu angurume. Hakuwa mtu wa kunguruma. Leo, nikiwa mzee, bado naona angeweza kusema zaidi, ila sioni tena kwamba ukimya wake ulikuwa woga; aliendelea kuongoza jimbo kuu kwa zaidi ya miaka 20, na akashiriki kuwachagua Mapapa watatu, mmoja mwaka 1963 na wawili mwaka 1978. Kufikia hiyo 1978 hakuwa peke yake: walikuwa wamekwisha kuja Zoungrana wa Upper Volta (leo Burkina Faso), Otunga wa Kenya na Nsubuga wa Uganda. Hilo nalo mwambie mwenzako.

Alistaafu Julai 1992, akamwachia kiti Polycarp Pengo, akafariki dunia tarehe 8 Desemba 1997. Kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilihitaji ukarabati, alizikwa kwa muda Kashozi, na Oktoba 2012 masalia yake yakahamishiwa Bukoba. Mwaka ule wewe ulikuwa na mitihani ndiyo maana hatukukuchukua. Ukipata likizo Desemba, mlete huyo mwenzako. Kaburi limo ndani ya kanisa kuu, na mimi bado natembea vizuri asubuhi.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako.