Swali la Lugha: Faili Huoana?

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Nauza leso Barabara ya Biashara, na kijana wetu ametutengenezea tovuti. Nimewaandikia wanaotuletea picha: "Tumeni mafaili yenye fomati inayooana na tovuti." Mume wangu kacheka mpaka machozi: ati mafaili yaoana, mahari kalipa nani? Nirekebishe. – Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Mwache acheke, kosa hujafanya. Kuoana si ndoa tu, ni kufaana pia. Ndiyo maana simu iliyowekwa kwa Kiswahili hukwambia programu fulani "haioani" na kifaa chako. Wewe dukani umezoea kuchukuana, kama blauzi na leso, lakini hapo macho ndiyo yanayoamua. Faili na tovuti hakuna anayezitazama kama zapendezana. Ya kuuliza ni moja: picha itafunguka au haifunguki? Basi sema hivyo hivyo, "picha zinazofunguka kwenye tovuti yetu", na mumeo atakosa la kuchekea.

Kuhusu fomati, wako watakaokuhimiza useme umbizo. Limeundwa vizuri, kutoka kuumba, kama igizo lilivyotoka kuiga, lakini mteja wako atakupigia simu kuuliza ni kitu gani. Muundo nalo ni neno zuri, ila si kwa biashara yako: mwambie mchapaji "badilisha muundo wa picha" uone kama hatakubadilishia pindo na mji wa leso! Fomati haina ubaya. Neno leso lenyewe tumelipata kwa Wareno, na hakuna anayelidai lirudi Lisbon. Kwa fundi andika fomati; kwa mteja, "aina ya faili" yatosha.

JPEG na PNG, aina mbili za faili za picha, usizitafsiri. JPEG ni kifupi cha jina la jopo la wataalamu lililoitunga, na jina la mtu hatulitafsiri. Lakini aina yenyewe itaje, kwa sababu "inayooana" peke yake haimwambii mtu atume nini. JPEG hupunguza uzito wa picha kwa kutupa baadhi ya taarifa zake. Kwenye sura ya mtu huoni kitu, lakini kwenye jina la leso, yale maandishi ya chini, kingo za herufi huingia ukungu picha ikibanwa sana. PNG haitupi kitu, ingawa faili lake huwa zito zaidi. Na wenye iPhone waonye: tangu 2017 simu hizo kwa kawaida huhifadhi picha kwa HEIC, aina nyingine ya faili, ambayo vivinjari vingi (programu za kufungulia tovuti) havifungui.

Mafaili au faili? Yote mawili yatumika: "faili hili, mafaili haya", au "faili hii, faili hizi". Mimi nafuata la kwanza. Ninalolikataa ni "mafaili hizi", maana hapo umeshika ncha mbili za leso mbili tofauti.

Andika hivi: "Tumeni picha za leso kwa JPEG, jina la leso lipigwe picha peke yake, litumwe kwa PNG. Za HEIC zibadilisheni kwanza, huenda zisifunguke kwenye tovuti yetu."