Kwa nini spinosamu haigandi kama kotonii?

SWALI: Sisi ni kikundi cha kinamama wa Jambiani, tunapika mwani kutengeneza juisi, jemu na sabuni. Tukichemsha mwani wa aina ya spinosamu tukauchuja, maji yanakuwa mazito yanavutika, lakini hayagandi. Aina nyingine, kotonii, inaganda vizuri, ila siku hizi haipatikani kwa urahisi. Mwenzetu alishauri tutie chumvi ya mezani, haikusaidia kitu. Tunakosea wapi? Na ni kweli karaginani, ile inayogandisha ndani ya mwani, inaleta saratani?

JIBU: Dada zangu, kupika mnapika sawa. Mnachokiona kwenye sufuria ni tofauti ya mimea miwili yenyewe, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya mnunuzi alipe kotonii bei ya juu kuliko spinosamu tangu kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989.

Karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, na kwenye sukari hizo zimeng'ang'ania chembe za salfeti. Kotonii inatoa aina iitwayo kapa, yenye salfeti moja kwa kila jozi ya sukari. Spinosamu inatoa aiota, yenye salfeti mbili. Ipo na ya tatu, lamda, yenye salfeti tatu hivi, inayotoka kwenye mwani wa bahari za baridi. Hiyo haigandi kabisa, huongeza uzito tu. Salfeti zina chaji hasi, kwa hiyo minyororo husukumana. Ili maji yagande, minyororo inabidi isokotane miwili miwili kama kamba ya usumba, kisha misokoto hiyo ishikane. Kinachoituliza ile chaji ni madini, na kila aina ina madini yake: kapa hutaka potasiamu, aiota hutaka kalisi (kalsiamu). Chumvi ya mezani ni sodiamu, na sodiamu haifai kwa kazi hiyo kwa aina zote mbili. Ndiyo maana ushauri wa mwenzenu haukuzaa matunda.

Jaribuni hivi. Spinosamu ikishachemka na kuchujwa, ingali moto, gaweni vikombe viwili. Kimoja kiacheni hivyo hivyo. Cha pili changanyeni na maziwa ya moto nusu kwa nusu, viacheni vipoe usiku kucha. Maziwa yana kalisi, na karaginani hushikana pia na protini ya maziwa. Kikombe cha pili kitakuwa kizito zaidi, na mkipika mwani mwingi kwa maji machache kitashika laini kama pudini. Msitegemee kigumu cha kukatika kwa kisu. Aiota huganda laini na kunesanesa, haitoi maji ikikaa, na ukiikoroga hurudi kushikana yenyewe. Hizo ni sifa zinazotafutwa kwenye dawa ya meno na vitindamlo vya maziwa, kwa hiyo msiidharau spinosamu. Kapa huganda ngumu lakini hukatika na kutoa maji. Chokaa ya tambuu au ya kujengea msiitie kwenye chakula kwa kutafuta kalisi.

Jambo la pili ni ndimu na ukwaju. Tindikali pamoja na moto mkali hukata minyororo vipande vipande, na kilichokatika hakigandi tena. Kwenye juisi na jemu, tieni tindikali mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Kiwandani wanafanya jambo ambalo nyinyi hamfanyi. Kotonii huchemshwa kwenye alkali kali (kinyume cha tindikali), mara nyingi haidroksaidi ya potasiamu. Mwani mbichi una sehemu za mnyororo zilizopinda kwa sababu ya salfeti iliyokaa vibaya. Alkali ya moto huing'oa, mnyororo unanyooka, na jeli inakuwa na nguvu zaidi. Uzuri wa potasiamu ni kwamba karaginani haiyeyuki, inabaki ndani ya mwani, huku chumvi na protini zikitoka na maji. Baada ya kuosha, kukausha na kusaga, hiyo ndiyo inayoitwa karaginani nusu-safi, E407a kwenye vifungashio. Iliyosafishwa kabisa ni E407. Nawaombeni msiijaribu jikoni. Alkali hiyo hupofusha, na bila vipimo hamwezi kujua kama imeoshwa ikaisha.

Kuhusu saratani, hofu hiyo imechanganya vitu viwili. Kuna poligini, inayopatikana kwa kuikata karaginani makusudi kwa asidi kali na joto. Hiyo ilidhuru utumbo wa wanyama wa maabara, na si kiungo cha chakula. Mapitio ya kisayansi ya mwaka 2001 yaliyoandikwa Marekani yalihoji kama hata karaginani ya chakula ni salama, na mjadala haujaisha. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo, kwa muda tu, cha miligramu 75 za karaginani kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ikitaka utafiti zaidi. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 4.5. Binafsi naona jemu yenu haina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya. Ila utafiti mdogo wa mwaka 2017 kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ulionyesha baadhi ya waliopewa karaginani walirudiwa na ugonjwa. Mteja mwenye maradhi hayo mwambieni waziwazi ndani mna mwani.

Na mkija kuuza unga, kwenye lebo andikeni "unga wa mwani". Msiandike "karaginani": mwani uliokaushwa na kusagwa bado una chumvi, nyuzi na protini yake, na mnunuzi wa kiwanda akiupima atawarudishia mzigo wote.