Jibu: Wiki za mwanzo usimwache mzee peke yake na panadol

Weee! Nimesoma ulivyoandika kuhusu mzee wako anayekwenda kuwekewa vali za mapafu, "tukimtoa hospitali Jumapili, Jumatatu narudi kazini, mzee akisikia maumivu panadol zipo mezani," chai ikanipalia. Panadol hizohizo ndizo nilizomeza mimi.

Mimi ni mkongwe wa emfisema, ule ugonjwa wa mapafu kuharibika na kunasa hewa, nipo hapahapa Uingereza, niliwekewa vali nne pafu la kushoto. Siku ya nne nikaruhusiwa, nimechangamka kama bwana harusi. Usiku wa siku ya tano nainama kuokota taulo, kichomi kikanipiga chini ya bega, pumzi ikakata. Badala ya kupiga 999, namba ya dharura ya huku, nikampigia "daktari" wangu, jamaa mmoja wa kikundi cha WhatsApp aliyetangulia kuwekewa vali. Akaniambia kwa sauti ya profesa, "Usihofu, pafu linajipanga. Kunywa tangawizi ulale."

Nikanywa, na panadol juu yake. Nikakesha nimekaa kitini, midomo inageuka zambarau, nahesabu maua ya pazia ili nisihesabu pumzi. Mpaka alfajiri jirani aliponisikia nikigonga ukuta. Kujipanga gani? Pafu lilikuwa limenywea! Siku kumi na moja nikawa na mpira wa kutoa hewa kifuani, chupa ya maji inabwabwaja kando ya kitanda. Sigara niliacha kwa jasho, nikaishia kulala na kiko. Profesa wangu alinitumia picha ya maua.

Elewa kinachotokea, mkuu. Vali ni mlango wa njia moja: hewa inatoka kwenye kipande cha pafu kilichoharibika, kuingia haiwezi. Kipande kikisinyaa, jirani yake anatanuka kuchukua nafasi, na akitanuka kwa pupa anachanika, hewa inavujia kifuani. Yaani vali zikifanya kazi barabara ndipo balaa linaweza kuja! Katika utafiti uliotangulia vali za Zephyr kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, zaidi ya robo ya waliowekewa walipatwa na hili, wengi wao siku tatu za mwanzo. Ndiyo maana hospitali wanakushikilia usiku tatu, si kwamba uji wao mtamu. Na mimi yangu ikangoja nifike nyumbani.

Kwa hiyo: kichomi cha ghafla, au pumzi kukata ghafla, ni 999. Si panadol, si tangawizi, si kuniuliza mimi hapa jukwaani. Na awepo mtu ndani ya nyumba wa kupiga hiyo simu na kuwaambia wahudumu mlangoni kwamba mzee ana vali, maana yeye kwa wakati ule hata jina lake hatalitaja. Usiku pia. Hasa usiku.

Uliuliza habari za ngazi. Zamani nilikuwa nasimama ya nne, najifanya nasoma simu. Sasa nazipanda zote 13, nahemea huko juu. Kilichonishangaza zaidi ni kuanika nguo: mikono juu ya kichwa, mashati matatu mfululizo bila kutafuta kiti. Mfuko wa mchele bado namwachia mwanangu. Ila haya yalikuja baada ya miezi, na ule usiku mmoja ulinirudisha nyuma mno.

Lingine uliuliza nini sijui, nitarudi kusoma. Wewe kaombe likizo leo, usingoje Jumapili. Na kama kwenye kikundi chenu yupo jamaa mwenye picha ya tausi anayegawa ushauri wa tangawizi, simu yake usipokee.