Zumu ya 300 au 135 isiyovuta?

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina Canon yenye sensa ndogo na hela ya lenzi moja tu. Nataka kupiga picha Kilimia, lile kundi la nyota, na nebula, yaani mawingu ya gesi angani. Nichukue zumu ya milimita 70 hadi 300, au Samyang ya 135 isiyovuta?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua 135. Najua 300 inatamanisha dukani, lakini zumu za bei ya kawaida ukizivuta hadi mwisho huishia f/5.6, na Samyang hufunguka hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa). Hapo mwanga umezidi karibu mara nane! Tena zumu nyingine ukizielekeza juu utosini, shingo ya lenzi huteleza yenyewe, fokasi ikapotea.

Fokasi ya Samyang ni ya mkono. Tafuta nyota kali, ikuze kwenye kioo cha kamera, zungusha pete polepole mpaka ibaki kitone kidogo kabisa, kisha bandika pete kwa selotepu. Funga tundu hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zikae sawa. Kwa stendi tupu, isiyofuata mwendo wa nyota, usizidishe sekunde 2 kwa kila picha. Piga picha mamia, uziunganishe kwa Siril, programu ya bure.

Kilimia kiko juu jioni za Desemba na Januari, ila Tukuyu na mvua zake, mh! Amka Agosti saa kumi alfajiri, tazama kaskazini mashariki. Nebula ya Carina ipige jioni za Mei, upande wa kusini. Na vaa koti.