Chuma cha Kulehemu Kishikwe na Mwanafunzi: Ushauri kwa Wanaoanzisha Karakana Maktabani

Siku ya kwanza ya mafunzo ya vitendo katika maktaba ya chuo kikuu ninamofanya kazi hapa Lubumbashi, Kongo, wanafunzi wapatao arobaini waliizunguka meza moja, nami kwa muda wa saa mbili nikawaonyesha jinsi ya kuunganisha taa ndogo ya LED na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kujifunzia umeme na programu. Walitazama kwa makini, wakapiga picha kwa simu zao, wakashukuru sana. Wiki iliyofuata nilimpa mmoja wao vifaa vilevile nikamwomba awashe taa ileile, naye akavigeuzageuza mezani bila kujua aanze na waya upi. Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimefanya kazi mbele ya watu kwa saa mbili, na ujuzi wote ukabaki mikononi mwangu.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowashauri wakutubi na wahadhiri wanaofikiria kufungua karakana ndani ya maktaba zao ni hili: anayefundisha aweke mikono yake nyuma. Aeleze, aulize, aelekeze kwa maneno, lakini asiguse kifaa cha mwanafunzi hata pale anapoona waya umeingizwa tundu lisilo lake. Ni vigumu kuliko inavyosikika, kwa sababu mkono wa mtu anayejua huwa na haraka, na kumsaidia mwanafunzi kwa kumfanyia huonekana kuwa ni wema. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kadhaa kuizoea adabu hiyo.

Sisi huwaweka wawili kwa kila sanduku la vifaa. Wakiwa watatu, mmoja hugeuka mtazamaji. Akiwa peke yake, mwanafunzi hukwama na kuona aibu kuuliza. Hata hivyo, wawili nao wana tatizo lao, na ninalisema wazi kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: mwanafunzi wa kiume hushika waya, mwanafunzi wa kike hushika daftari, na mwisho wa kipindi ana maandishi mazuri ya kazi ambayo hakuifanya. Tangu tulipoweka sharti la kubadilishana kila baada ya dakika kumi na tano, kwa saa iliyotundikwa ukutani na bila kujadiliana, wale waliokuwa wakiandika tu wamekuwa miongoni mwa wakufunzi wetu bora. Msiwaachie wanafunzi wapange jambo hili wenyewe. Liwekeni kuwa sharti tangu siku ya kwanza.

Kuhusu lugha, masomo yetu ni ya Kifaransa, na maelezo mengi ya bodi na programu yameandikwa kwa Kiingereza, lakini mkono ukitetemeka mtu hufikiri kwa lugha ya nyumbani. Mimi hueleza umeme kwa maji, kwa kuwa hapa mjini hakuna asiyejua pipa na bidoni (dumu la maji). Volti ni kule kuinuliwa kwa pipa: likiwa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Mkondo ni wingi wa maji yanayopita kwa muda fulani, na rezista ni bomba jembamba la mpira linaloyapunguza. Kisha tunaingia kwenye hesabu yenyewe: bodi ya Arduino Uno inatoa volti 5, taa nyekundu ya LED inatumia takriban volti 2, zinabaki 3, nasi tukizigawa kwa rezista ya omu 220 tunapata karibu miliampea 14, kiasi ambacho taa inakistahimili na ambacho bodi inakitoa bila kuumia. Mwanafunzi aliyewahi kuisoma hesabu hii ubaoni kwa jina la kanuni ya Ohm huwa anakutana nayo kwa kweli kwa mara ya kwanza hapa.

Baadaye tunawaruhusu waunguze taa moja kwa makusudi, kwa betri ya volti 9 bila rezista. Taa ya namna hiyo ni ya bei ndogo sana, lakini hofu inayoondoka pamoja nayo ni kubwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, “Mama, na nikiunguza bodi yenyewe?” Nikamjibu, “Mwanangu, utaandika kwenye daftari jinsi ilivyoungua, kisha utachukua nyingine.” Aliniangalia ili aone kama nilikuwa nikisema kweli. Nilikuwa nikisema kweli, na daftari hilo nitalirudia.

Watu wengi wakiisikia karakana ya maktaba huwaza kwanza printa ya 3D, mashine inayojenga vitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, na ninaelewa kwa nini. Maktaba ya sayansi ya DeLaMare katika Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, nchini Marekani, ilikuwa miongoni mwa maktaba za vyuo vikuu za kwanza kuwafungulia wanafunzi wote printa za namna hiyo, mwaka 2012, na tangu hapo picha ya mashine hiyo imekuwa picha ya karakana zote. Ushauri wangu ni kwamba iwe kifaa cha mwisho kununuliwa. Kipande chenye ukubwa wa ngumi kinaweza kuchukua saa nyingi kuchapwa, na umeme ukikatika katikati, plastiki hupoa, hung'oka kwenye sahani yake, na kazi yote hupotea. Tumepoteza vipande vingi kwa njia hiyo kabla ya kuamua kwamba tutachapa vitu vidogo tu, visivyozidi saa moja, na printa ikiwa imeunganishwa na betri ya akiba. Halafu kuna unyevu: plastiki ya PLA, ambayo mara nyingi hutokana na wanga wa mahindi (yaleyale tunayosaga unga wa bukari, yaani ugali), hunyonya maji ya hewani, na katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hutoa milio midogo ikipita kwenye mdomo wa printa wenye joto la nyuzi 200 hivi, kisha kipande hutoka kikiwa na mashimo. Tunaihifadhi katika ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Chombo cha kununua mwanzo ni chuma cha kulehemu, kile chenye ncha ya moto cha kuunganishia vifaa vya umeme, na pamoja nacho multimita, kipimo cha umeme. Vya kufanyia mazoezi havihitaji kununuliwa, kwa kuwa kila nyumba ina redio iliyonyamaza au chaja iliyokufa. Tuliwaomba wanafunzi walete vitu vibovu, na printa za zamani za wino ndizo zilizotufaa kuliko vyote: ndani yake kuna mota ndogo, vyuma vilivyonyooka, mikanda na nyaya za shaba. Wanafunzi wengi wana ndugu wanaofanya kazi katika migodi ya shaba, lakini baadhi yao waliiona shaba ikiwa imesukwa ndani ya mota kwa mara ya kwanza mezani petu, na mazungumzo ya siku hiyo yalikwenda mbali kuliko somo nililopanga.

Kwa somo la kulehemu tulimwalika fundi mmoja wa redio kutoka mtaa wa Kenya hapa mjini, mtu mzima ambaye hajasoma chuo kikuu. Baadhi ya wenzangu walisita. Alipofika, wanafunzi walimwita Papa Fundi, naye akawafundisha jambo ambalo sikuwahi kulieleza vizuri: kwamba kinachopashwa joto ni mguu wa kifaa na shaba ya bodi, na ile waya ya bati na madini ya risasi, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 183, ifuate joto yenyewe. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa. Kibaya hukaa kama tone. Alidai pia madirisha yafunguliwe kwa ajili ya moshi, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu risasi ni sumu. Mlipeni mtu kama huyo posho sawa na mnayomlipa mhadhiri mgeni, kwani amekuja kufundisha.

Jambo moja tu tunalikataza kabisa, nalo ni kufungua betri za lithiamu za kompyuta na simu. Seli ikitobolewa inaweza kuwaka kwa ghafla, na jengo lililojaa karatasi si mahali pa kujaribu hilo.

Sasa nirudi kwenye daftari. Karakana inafaa kuwa maktabani kwa sababu sisi wakutubi tunajua kazi mbili ambazo karakana nyingi huzishindwa, yaani kuazimisha na kuandika. Kila sanduku letu lina namba ya rafu kama kitabu, linaazimwa kwa siku saba, na linaporudi, aliyelichukua huandika mistari michache katika daftari lililofungwa kwa kamba mezani: alikusudia kutengeneza nini, nini kiliungua au kukataa, na alifanya nini baada ya hapo. Mwenye kukwama leo hulifungua na kukuta mwenzake alikwama palepale. Kurasa zake zimechakaa kuliko za kitabu chochote cha umeme tulicho nacho.

Kwa vinavyopotea, tumetenga mafungu mawili. Multimita, bodi na chuma cha kulehemu lazima virudi, na asiyevirudisha hapewi sanduku jingine. Rezista, taa na nyaya tunazihesabu kama chaki: hutumika zikaisha. Mwezi uliopita sanduku namba 7 lilirudi bila rezista mbili, na aliyeliazima aliandika daftarini kwamba zimebaki ndani ya redio ya bibi yake kule mtaa wa Katuba, ambayo sasa inazungumza. Nilijaza mbili nyingine, na jioni ileile sanduku likaazimwa tena.