VPN ya Bure Haikufichi kwa Facebook

Dada mmoja wa Jinja ameniandikia wiki hii kwa hasira: "Kaka, location nimezima, Facebook naingia kwa VPN, mbona bado natangaziwa viwanja vya Mukono kana kwamba wananisikia nikiongea na mume wangu?" Swali hili huja mara nyingi, na jibu lake huwa haliwafurahishi watu. VPN ni programu inayoizuia kampuni ya simu kuona unakoenda mtandaoni. Ukishafika Facebook na kuweka nenosiri lako, umejitambulisha mwenyewe.

Tuanze na hiyo VPN, maana hapa Uganda ndiyo tundu kubwa kuliko yote. Julai 2018 tulipoanza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, watu waliikimbilia VPN ili kuikwepa kodi hiyo. Kodi ile iliondolewa Julai 2021, lakini Facebook ilikuwa imefungwa na serikali tangu Januari mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi, kwa hiyo VPN zikabaki kwenye simu. Wengi hawakuuliza ni ya nani. Waliambiwa na rafiki "weka hii, haikatiki", wakaweka.

Ukiiwasha, kila kinachotoka simuni mwako kinapita kwanza kwenye seva ya mwenye VPN. Mwenye VPN hasomi maneno yako ya ndani, kwa kuwa tovuti nyingi siku hizi huyafumba (encryption). Anachokiona ni majina ya tovuti unazofungua, saa, muda uliokaa na MB ulizokula. Kwa mfanyabiashara wa taarifa hayo ni mali tosha. Facebook walilielewa hilo mapema. Mwaka 2013 waliinunua Onavo, kampuni ya Israeli iliyokuwa na programu ya bure, wakaitumia kuchungulia watu wanatumia programu gani nyingine, WhatsApp ikiwemo. Mwaka 2014 wakainunua WhatsApp. VPN ya Onavo ilitolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta, mmiliki wa Facebook, dola milioni 20 za nchi hiyo, kwa kuwa watumiaji waliambiwa programu inawalinda bila kuelezwa vizuri inakusanya nini. Ndiyo maana nakereka mtu akiniambia "lakini hii ni ya bure".

Kabla ya kuweka VPN yoyote, shuka kwenye ukurasa wake wa Play Store mpaka sehemu ya "Data safety" usome inakusanya nini na inampa nani. Ikiomba majina na namba ulizohifadhi simuni, maikrofoni au mahali ulipo, iache. Kazi yake haihitaji hata kimoja. Proton VPN ina toleo la bure lisilo na matangazo, kwa kifaa kimoja, na gharama yake inabebwa na wanaolipia toleo kubwa. Ukimaliza Facebook, izime. Ukiiacha ikiwaka, programu ya benki inaweza kukuona kama uko Uholanzi, iliko seva ya VPN, ikakufungia, halafu unalaumu benki.

Sasa viwanja vya Mukono. Hakuna haja ya kusikilizwa. Tovuti nyingi za wauzaji zina kipande kidogo cha msimbo (code) kutoka Meta, kinachoripoti ukurasa uliofungua hata kama hujafungua Facebook muda huo. Njia ya pili ni nyepesi zaidi, na hapa kwetu ina nguvu kwa sababu namba ya simu imeunganishwa na NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, na mtu huitumia kwa kila kitu. Umepita kwenye maonyesho Lugogo, dalali amekupa daftari, umeandika jina na namba. Jioni anaipandisha orodha yote kwenye mtambo wa matangazo wa Meta. Namba yako ikilingana na ile uliyofungulia akaunti, umepatikana. VPN haina la kufanya hapo.

Dawa ya ile njia ya kwanza, ya tovuti: ndani ya Facebook fungua Settings, kisha Accounts Center, "Your information and permissions", halafu "Your activity off Meta technologies". Utaona orodha ya waliopeleka taarifa zako kwa Meta. Wengine utashangaa wamekujuaje. Watu hufuta yaliyopita wakaondoka, na kesho yanaanza kujaa tena. Lazima uchague pia kukata yajayo. Ila ujue, programu ulizokuwa ukiingia kwa akaunti ya Facebook zitakugomea, kwa hiyo zitengenezee kwanza nenosiri lake.

Kuhusu location, dada yangu amezima swichi ya simu, lakini Google ina swichi nyingine kwenye akaunti. Mwaka 2018 ilibainika kwamba hata aliyezima "Location History" (siku hizi inaitwa "Timeline") aliendelea kuandikwa alikopita kupitia swichi iitwayo "Web & App Activity". Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kwa jambo hilo. Nenda Settings, Google, simamia akaunti yako, "Data & privacy", uzime zote mbili. Kama hutaki kuzima ile ya pili, weka ijifute kila miezi 3. Ukiwa hapo kwenye Google, ingia "Ads" ufute kitambulisho cha matangazo. Kwenye Tecno na Infinix menyu imepangwa tofauti, tafuta neno "Ads" kwenye kisanduku cha juu cha Settings.

WhatsApp kwa ufupi: ujumbe umefumbwa, lakini nakala inayohifadhiwa Google Drive haifumbwi mpaka uiwashe mwenyewe kwenye Chats, "Chat backup", "End-to-end encrypted backup". Ukichagua nenosiri, liandike kwenye karatasi. Ukilisahau na simu ikaibwa sokoni Owino, hakuna wa kukurudishia.

Na msidhani sheria haipo. Tuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019. Mwaka 2021 NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ilikuta SafeBoda, kampuni ya bodaboda za kuitwa kwa simu, ikipeleka taarifa za abiria kwa kampuni ya Marekani bila kuwaambia. Julai 2025 Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, baada ya malalamiko ya Waganda wanne, iliamua kwamba Google imevunja sheria hiyo, ikaiamuru ijisajili ndani ya siku 30. Wanne tu. Yule dalali wa Lugogo naye anabanwa na sheria hiyo hiyo. Mwandikie kwanza, kwa WhatsApp au barua pepe, kwamba hutaki namba yako itumike kwa matangazo, piga picha ya skrini yenye tarehe, na akikaidi peleka picha hiyo pamoja na malalamiko yako kwenye ofisi hiyo.